Malindi Hadi Lamu kwa Ndege: Ni Kilomita Ngapi, na Utafika Saa Ngapi Kusema Ukweli?

Jibu la haraka kwanza, juu najua wengine mko ndani ya mat na bando inaisha. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Malindi hadi Uwanja wa Manda, ule unaohudumia Lamu, ni karibu kilomita 141 ukipima mstari ulionyooka. Ndege inakaa hewani kama nusu saa hivi. Kwa barabara ni karibu kilomita 220, na hizo zinakuachilia Mokowe tu, bado hujavuka maji.

Kama ulikuwa unataka kushinda ubishi na mabeste, jibu ndio hilo, enda. Lakini kama uko na safari ya ukweli, kama kuna mtu anakungoja upande ule mwingine, tulia usome hadi chini. Hiyo nusu saa ishachoma wasee wengi. Mmoja wao ni beste yangu, na stori yake nitakupa.

Mbona kila tovuti ina namba yake?

Ukitafuta umbali wa Malindi na Lamu utakutana na 141, mahali pengine 88, na mahali pengine 76. Zote ziko sawa. 141 ni kilomita. 88 ni maili za kawaida, zile za Waingereza na Wamarekani. 76 ni maili za baharini, ndizo marubani na manahodha wanatumia, na moja ni kilomita 1.852. Kwa hivyo ukiona msee mtandaoni anasema "ni 76 tu" usidhani ameibiwa kilomita. Uliza kwanza anapima na nini.

Kwenye muda ndio kuna mchezo. Tovuti nyingi za kupiga hesabu ya umbali hazijui ni ndege gani inapita hapo. Zinachukua kasi ya jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, zinagawanya, zinakutupia jibu. Malindi hadi Lamu kwa hesabu hiyo ni kama dakika 11. Nyingine zinaongeza nusu saa juu yake, eti ya kupaa na kutua, zinakuambia dakika 41. Hiyo ya 11 ni ndoto. Njia kuu ya ndege pale Malindi ina urefu wa karibu mita 1,400 hivi, na jeti kubwa ya abiria haitaki kusikia hiyo namba. Mambo ya kuirefusha yamebongwa miaka na miaka. Zinazotua hapo ni ndege za panga, zile una-hear kelele ya propela hadi unafika.

Piga hesabu mwenyewe

Hii usiniamini, shika kalamu. Tena ni hesabu ya Form Two, ile ulikuwa unauliza mwalimu itakusaidia wapi maishani.

Uwanja wa Malindi uko digrii 3.23 kusini mwa ikweta na digrii 40.10 mashariki. Manda iko digrii 2.25 kusini na 40.91 mashariki. Toa moja kwa nyingine. Kwenda kaskazini unapata 0.98, kwenda mashariki unapata 0.81. Huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande, hiyo ndio raha ya kuishi hapa, juu ukienda Ulaya digrii za mashariki na magharibi zinajibana na hesabu inakuwa ndefu. Zidisha: kaskazini ni karibu kilomita 109, mashariki karibu kilomita 90.

Sasa una pembetatu yenye kona mraba. Pythagoras. 109 mara 109, jumlisha 90 mara 90, tafuta kipeo. Inatoka 141.

Na hapa ndio kuna kitu mi nilikiona nikabaki nimeshangaa. Cheki ramani ujue Garsen iko wapi. Garsen iko karibu kaskazini kabisa mwa Malindi, na iko karibu mstari mmoja na Lamu kwenda magharibi. Yani Garsen ndio ile kona mraba ya pembetatu yako. Barabara inapanda kutoka Malindi, inapita Gongoni, Marereni, hadi Minjila pale karibu na Garsen, halafu inapinda kulia, inapita Gamba, Witu, Hindi, inaishia Mokowe. Inafuata pande mbili za pembetatu. Ndege inakata ule upande mrefu wa tatu.

Mbona barabara isikate pia? Juu ya maji. Kati ya Malindi na Lamu pwani imejikunja ndani, hapo ndio Ghuba ya Ungwana, na kwa hiyo ghuba ndio Mto Tana unamwaga maji yake. Kabla ya kufika baharini Tana inajitawanya, inakuwa vijito, vinamasi, mashamba ya mpunga na malisho. Hakuna mtu anajenga barabara kuu katikati ya hiyo. Unapanda juu hadi mahali mto umejishika, unavuka, unarudi. Hizo kilomita 80 za zaidi kwenye barabara ni ushuru wa Mto Tana.

Dakika ngapi hewani, kutegemea chuma

Ndege si moja. Kuna Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja, inabeba watu kumi na kidogo, na ukiwa ndani unaona rubani akikuna kichwa. Inakwenda kama kilomita 320 kwa saa ikiwa imetulia. 141 gawa kwa 320 ni dakika 26. Ongeza ile ya kupaa, kujipanga na kutua, unafika nusu saa, dakika 35 kama kuna mtu mbele yake.

Kuna Dash 8 za zamani, zile fupi za injini mbili, zinazofika kama kilomita 500 kwa saa. Hesabu tupu inasema dakika 17. Kuna Dash 8-400, ile ndefu ambayo Jambojet wanatumia, hiyo inaweza kupita 600. Hesabu inasema dakika 14. Lakini usikimbie kuambia watu utafika na dakika 14. Safari ikiwa fupi hivi, ndege haipati nafasi ya kukimbia. Inapaa, kabla hata ishike kasi yake kamili rubani ashaanza kushuka. Ni kama nduthi ya kasi kwenye mtaa wenye matuta kila mita hamsini: injini ni kubwa lakini hautawahi kuona gia ya juu. Ndio maana ndege mwendo wa mara mbili haikupi nusu ya muda. Kwa njia hii, Caravan na Dash 8 kubwa zinapishana dakika kumi hivi, labda hata chini ya hapo.

Na muda ulioandikwa kwa tiketi si muda wa hewani. Kampuni zinahesabu kuanzia ndege inapotoka pale ilikuwa imeegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande ule. Kutambaa kwa njia, kungoja ruhusa, yote imo. Kwa hivyo ukiona tiketi imeandikwa dakika 40 na rubani anatangaza "tutakuwa hewani dakika 25", hakuna anayekudanganya.

Upepo nao uko na maoni yake. Kutoka Malindi kwenda Lamu unaelekea kaskazini mashariki, na huko ndiko kaskazi inatokea, kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Kwa hivyo miezi hiyo ukienda Lamu unapigwa upepo wa uso, ukirudi unasukumwa. Kusi ikiingia, kama Aprili kwenda mbele, mambo yanageuka. Ndio zile pepo majahazi yalikuwa yanangoja miezi ili yapande au yashuke pwani. Kwa Caravan, upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiwa nyuma yako safari ni kama dakika 24, ukiwa mbele ni dakika 30. Dakika sita. Babu wa nahodha angekucheka.

Ukipata kiti, chukua dirisha la kushoto ukienda. Utaona mdomo wa Sabaki ukitema maji ya rangi ya chai baharini mara tu baada ya kupaa, halafu Ngomeni. Pale Ngomeni baharini ndio Waitaliano walikuwa wanarusha roketi. Desemba 12, 1970 setilaiti ya Uhuru iliondokea hapo, na ikaitwa Uhuru juu ilikuwa sikukuu yetu. Baada ya hapo ni delta ya Tana, kijani na maji na kijani tena. Kulia ni bahari tu, hadi India.

Noma inaanzia hapa: ndege iko, lakini inapitia wapi?

Umbali ni kitu kimoja, ratiba ni kitu kingine. Usafiri wa ndege Kenya umejengwa kama gurudumu la baiskeli. Nairobi ni kitovu, hizi viwanja ndogo ni ncha za spoki. Kutoka ncha hadi kitovu ni rahisi. Kutoka ncha hadi ncha, hata kama zimekaa jirani, ni shida.

Malindi na Lamu zimekuwa zikiunganishwa mara nyingi kama kipande cha safari ya pembetatu: ndege inatoka Nairobi, inagusa mmoja, inaruka hadi mwingine, inarudi Nairobi. Kwa kampuni hiyo inaleta maana, inajaza viti viwili kwa mafuta ya safari moja. Kwako wewe wa Malindi inamaanisha viti vya kwenda Lamu vinategemea watalii wangapi wamejaza kutoka Nairobi. Na msimu ukiwa baridi, watalii wakipungua, kipande hicho cha katikati ndicho cha kwanza kukatwa.

Siku hakuna kipande, mashine ya kutafuta tiketi itakutafutia njia na haitakuonea huruma. Itakupeleka Nairobi. Malindi hadi Nairobi ni karibu kilomita 410, Nairobi hadi Lamu karibu kilomita 455. Umesafiri kilomita 865 kwenda mahali pako kilomita 141. Mara sita. Hewani pekee ni kama masaa mawili na kitu, na bado hujahesabu kukaa katikati.

Na kuna mtego mwingine hapo katikati, huu uandike kwa mkono. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria. Kuna kampuni zinatua JKIA na kuna zinazotumia Wilson. Jambojet wako JKIA, Safarilink wako Wilson. Ukikata tiketi mbili tofauti juu ulitafuta bei ya chini, unaweza kutua kimoja na ndege yako inayofuata inatoka kingine, na kati yenu kuna Mombasa Road na Lang'ata Road. Kwa ramani ni karibu. Ijumaa jioni mvua ikinyesha, ni nchi tofauti. Na juu tiketi ni mbili, ukichelewa ya pili hakuna mtu anakudai pole. Umeichoma mwenyewe.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, usisome bei peke yake. Soma mstari mdogo unaosema "kituo", soma herufi tatu. Malindi ni MYD. Lamu ni LAU. Ukiona NBO au WIL katikati, hiyo si nusu saa yako tena.

Barabara ile

Wengi wetu tunaishia basi, tusidanganyane. Nauli ya basi ni kipande kidogo tu cha tiketi ya ndege, na kwa mtu anayelipwa kwa siku hakuna mjadala.

Siku njema, Malindi hadi Mokowe ni masaa manne, matano. Lami siku hizi iko, na mtu aliyepita hapo enzi za vumbi na matope ya Garsen atakuambia tunaishi kama wafalme. Lakini lami haikuondoa kila kitu. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu zaidi ya sitini wakauawa huko na vijiji vya karibu, na tangu hapo hiyo barabara haijawahi kuwa barabara tu. Januari 2020 basi la abiria lilipigwa risasi Nyongoro, watu wakafa. Kwa miaka mingi magari yamekuwa yakikatazwa kupita usiku, na mabasi yanasindikizwa na polisi kwenye vipande vibaya. Yani basi lako linaweza kuwa limefika kizuizini saa nne, dereva yuko tayari, gari ni zima, na mnakaa. Mnangoja mabasi mengine yafike mwende kama mbogi moja.

Halafu vizuizi vyenyewe. Mnashuka, mnapanga laini, kitambulisho mkononi, mnatembea hadi upande wa pili, mnapanda tena. Kama huna kitambulisho, au una ile karatasi ya kungojea, jipange na maswali. Vijana wa Lamu wanajua hii stori kuliko mtu yeyote, wao hawaiiti usumbufu, wanaiita safari.

Na maji. Mvua za Novemba 2023 Tana ilipanda ikafunika barabara upande wa Gamba, mabasi yakasimama, watu wakavushwa kwa boti mahali ambapo wiki iliyopita kulikuwa na lami. Siku kama hizo kilomita 220 hazina maana yoyote. Hakuna apu inajua hilo, unajua ukipigia mtu aliye huko.

Ile stori niliahidi

Beste yangu ni wa Lamu, mtaa wa Langoni, lakini alikuwa anapiga kazi jikoni kwenye hoteli moja Malindi. Siku moja baada ya swala ya alfajiri simu ikaingia. Baba yake amefariki usiku. Kwa wasiojua, Waislamu hawakai na maiti. Ukifa alfajiri, jua likizama uko kaburini tayari, labda kuwe na sababu.

Ami yake akamuuliza kwa simu, "Mwanangu, utafika saa ngapi tukungoje?"

Jamaa akaangalia simu. Malindi, Lamu, ndege. Dakika 30. Akajiambia hata nikikosa ya asubuhi, hata iwe ya saa saba, niko. Akamjibu ami, "Nipeni hadi alasiri." Wakakubaliana maziko ni baada ya swala ya alasiri.

Ndege ya siku hiyo ilikuwa imejaa. Ya kupitia Nairobi ilikuwa inafika kesho yake, na bei ilikuwa mshahara wake wa mwezi mzima. Ikafika saa tatu asubuhi bado yuko na simu mkononi anajaribu. Ndio akakimbia stendi, akabahatika kupata kiti kwa basi lililokuwa linatoka Mombasa. Kwa akili yake, kilomita 220, masaa matatu unusu, atafika na wakati wa kuoga.

Walikaa kizuizini saa nzima na dakika arobaini wakingoja basi moja lililopata pancha nyuma. Alipofika Mokowe ilikuwa inakaribia saa kumi. Boti ya abiria haiondoki na watu wanne, ikangoja ijae. Alipotia mguu Lamu alikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, kanzu zimeshika mchanga. Walikuwa wamemngoja hadi ikabidi.

Kitu kilichomuuma zaidi aliambiwa usiku. Ami yake alimwambia, si kwa kumlaumu, kwamba asubuhi ile kama angesema "magharibi", wazee wangekubali magharibi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya dakika. Walipanga kulingana na saa aliyowapa yeye.

Mi nilipomsikia sikuwa na la kusema. Ndio nikaanza kupiga hizi hesabu.

Sasa hesabu ya mlango hadi mlango

Tuseme umepata kiti kwenye ndege ya moja kwa moja. Uwanja wa Malindi uko karibu na mji, tuktuk kutoka tao ni dakika kumi hivi. Kaunta inafungwa kati ya dakika 30 na 45 kabla ya kuondoka, kwa hivyo uwe pale saa moja kabla. Ndege kubwa au ndogo, wekea dakika 40 za tiketi. Manda ni kiwanja kidogo, begi linakuja chapchap, robo saa umetoka. Lakini hujafika Lamu. Manda ni kisiwa chake, Lamu ni kisiwa kingine, kuna mkondo wa bahari katikati. Unatembea hadi gatini, unapanda boti, na kama robo saa nyingine uko mbele ya mji. Jumla: masaa mawili na dakika ishirini, siku kila kitu kimeenda sawa. Ile nusu saa ya hewani ni kama robo ya safari yako.

Kwa basi, ukianza kuhesabu kutoka stendi Malindi, weka masaa manne hadi matano hadi Mokowe, saa moja au mbili za kizuizini usizoambiwa, na kama saa moja ya boti pamoja na kungoja ijae. Ukiharakisha kuna boti za kasi, zinakula doh zaidi lakini zinakata maji kwa dakika chache tu. Mtu akikuuliza utafika saa ngapi, mwambie masaa manane. Ukifika na sita watafurahi.

Kupitia Nairobi, usimpe mtu saa. Mpe siku.

Mzigo pia utakuchelewesha kama hujajipanga. Hizi ndege ndogo kikomo mara nyingi ni kilo 15, na wanapenda begi laini, juu sehemu ya kuwekea ni ndogo na sanduku gumu haliingii. Zingine utapimwa na wewe mwenyewe kwa mizani, usione haya, ni hesabu ya uzito. Kama unabeba vitu vya harusi au vya msiba, tuma kwa basi siku moja kabla na wewe ufuate kwa ndege. Watu wa Lamu wamekuwa wakifanya hivyo kitambo.

Kitambulisho ni lazima hata kwa ndege. Picha ya kitambulisho kwa simu haitoshi kila mahali.

Na kama ni dharura na ndege imejaa, kabla ya kukata tamaa enda uwanjani ujiandikishe kwa wanaongojea nafasi. Abiria hupotea. Mtalii amelala Watamu, gari lake limeharibika, kiti chake kiko wazi dakika 30 kabla ya kuondoka. Kiti hicho hakionekani kwa simu, kinaonekana kwa yule aliyesimama kaunta. Lakini jipe mpaka: kama basi la mwisho la asubuhi linapita Malindi saa tatu, usibaki kaunta hadi saa tatu na nusu ukitumaini. Mabasi mengi ya Lamu yanatoka Mombasa alfajiri ili yavuke mapema, na ukiyakosa hayo, safari yako imekuwa ya kesho.

Ukitua Manda jioni, bei ya boti ya kwenda mjini uliza kabla hujapanda, si katikati ya maji. Na kama unaenda Shela, sema Shela mapema, juu boti nyingi zinadhani unaenda mjini, na kutoka mjini hadi Shela kwa miguu na begi ni kama dakika 40 za kufuata ufuo, bahari ikiwa imejaa utalowa hadi kiunoni.